Sehemu ya 3: Saa ya kusubiri namba, kutoka tiketi ya karatasi mpaka simu iliyo chini ya mto

Sehemu ya 1 tuliongea kuhusu usingizi wa mama anayenyonyesha, sehemu ya 2 tukaongea kuhusu hela ya matumizi. Leo nazikutanisha zote mbili, kwa sababu kuna jambo moja linakula usingizi na hela kwa wakati mmoja, na pale kliniki huwa hatulitaji: kuangalia matokeo ya bahati nasibu.

Naomba ulishike hilo neno, kuangalia. Kununua tiketi ni kitendo cha dakika moja. Kinachomshika mtu ni kile kipindi cha kati, ukishalipa na hujajua. Ukiisoma historia ya bahati nasibu utaona ni historia ya kipindi hicho: kilikuwa kirefu kiasi gani, watu walikisubiri wakiwa na nani, na mkono wa nani uliaminiwa kutoa jibu. Nikimaliza utaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake timamu, tena mama wa mtoto wa miezi miwili, anaweza kuamka saa 8 usiku kutazama tarakimu tatu.

Tuanze na jina lenyewe. "Bahati" asili yake ni Kiajemi. "Nasibu" ni Kiarabu, maana yake fungu, ile sehemu yako uliyopangiwa. Waarabu hadi leo bahati nasibu wanaiita yanasibu. Na kabla ya Uislamu walikuwa na mchezo wa kugawana nyama ya ngamia kwa kuchomoa mishale: mishale mingine ina mafungu, mingine haina kitu. Huo ndio mchezo uliokatazwa ndani ya Qurani pamoja na pombe. Kwa hiyo ule ubishi wa majumbani kwetu Tandika na Mtoni, mzee anasema haramu, kijana anasema mbona ni burudani tu, una miaka zaidi ya 1,400. Mimi hapa sihukumu imani ya mtu, nataka ujue tu kwamba hili halikuanza na simu.

Sasa twende mbali kidogo, tutarudi Mbagala.

Uingereza, wakati wa Malkia Elizabeth I, serikali ilihitaji hela za kukarabati bandari. Mwaka 1566 ikatangaza bahati nasibu, shilingi 10 kwa tiketi moja, hela nyingi sana kwa mtu wa kawaida. Unajua droo ilichezeshwa lini? Mwaka 1569. Miaka mitatu! Mtu ananunua tiketi, anapata ujauzito, anajifungua, mtoto anaanza kutembea, namba bado haijatoka.

Karne mbili baadaye droo za London zilikuwa za kila mwaka, na hapo ndipo pananivutia zaidi. Walikuwa na magurudumu mawili makubwa, moja limejaa namba za tiketi, la pili limejaa karatasi za zawadi pamoja na karatasi tupu. Waliokuwa wakichomoa ni watoto wa kiume wa shule ya yatima na maskini iitwayo Christ's Hospital. Kwa nini watoto? Kwa sababu iliaminika mkono wa mtoto hauna hila. Hata hivyo ilifika wakati wakaamriwa mifuko ya nguo za wale watoto ishonwe kabisa, kwa sababu watu wazima walishaanza kuwatumia kuficha karatasi.

Kuzichomoa zote kulichukua siku nyingi, miaka mingine zaidi ya mwezi. Sasa sikiliza kilichotokea. Tiketi ilikuwa ghali, wafanyakazi wa ndani na vibarua hawakuiweza. Pembeni wakatokea watu wanauza kitu walichokiita bima: unatoa senti zako chache, unabashiri kama namba fulani itatoka leo. Leo leo! Kesho unarudi tena. Matajiri wakawa wanasubiri droo ya mwaka, maskini wakawa wanasubiri kila jioni. Malalamiko ya wakati ule yanajirudia yale yale, mabosi wanalalamika wasichana wa kazi wameweka nguo rehani, wake wanalalamika vyombo vya ndani vimeuzwa. Bunge lilitunga sheria kuizuia ile bima, ikashindikana, na mwaka 1826 bahati nasibu ya serikali ikafungwa kabisa. Waingereza hawakuwa nayo tena mpaka 1994.

Ukiniuliza mimi, sehemu hiyo ndiyo inafundisha kuliko zote. Tiketi na droo vilikuwa vile vile. Kilichowaumiza watu wa hali ya chini ni kufupishwa kwa kusubiri.

Wahispania wao waliurefusha na wakaufanya wa ukoo mzima. Bahati nasibu yao ya Krismasi ilianza 1812 na ipo hadi leo, huchezeshwa tarehe 22 Desemba. Watoto wa shule ya San Ildefonso, ambayo zamani ilikuwa ya yatima, wanaimba namba moja moja, mmoja anaimba namba na mwenzake anaimba zawadi, kwa masaa. Tiketi moja inagawanywa vipande kumi, kwa hiyo ofisi moja, ukoo mmoja, mtaa mmoja unashika namba moja. Mkikosa mmekosa wote, mnakunywa kahawa mnarudi kazini.

Na sisi manesi tumo, msidhani. Mwaka 1930 Ireland ilianzisha bahati nasibu ya kuchangia hospitali, iliyofungamana na mbio za farasi. Tiketi ziliuzwa dunia nzima, hata nchi zilizozipiga marufuku kama Marekani na Uingereza. Siku ya droo pale Dublin, waliokuwa wanachomoa karatasi kwenye pipa kubwa ni manesi, wamevaa sare zao nyeupe na kofia. Nimeziangalia zile picha mara nyingi. Sare ya nesi ilikuwa inafanya kazi ile ile ya mkono wa mtoto kule London: inamwambia mnunuzi, hapa hakuna wizi. Hospitali zilijengwa kweli, ila sehemu kubwa ya hela haikufika hospitalini, na wenye kampuni walitajirika sana. Iliisha mwaka 1987. Sijui wale manesi walijisikiaje, lakini mimi kofia yangu nisingeitoa.

Mkono wa mtoto hata huku kwetu tunauamini, fikiria kidogo. Mkianza mchezo wa upatu, mama kumi, kila mmoja elfu kumi kwa wiki, mnajuaje nani anapokea wa kwanza? Mnaandika namba kwenye vikaratasi, mnavikunja, mnaita katoto kanakocheza uani: njoo uokote. Zile sekunde za kukunjua kikaratasi moyo unadunda, si ndiyo? Unaomba isiwe namba 10. Ni msisimko ule ule kabisa. Tofauti ni kwamba hata ukitoka na namba 10, laki yako inakuja. Bahati inapanga foleni tu, haimfuti mtu.

Turudi nyumbani sasa. Majirani zetu Kenya walianzisha Kenya Charity Sweepstake mwaka 1966. Huku Tanzania sheria ya bahati nasibu ilitungwa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha lililosema maendeleo ni juhudi na maarifa. Mwaka 1974 ikatungwa sheria nyingine iliyoipa nchi Bahati Nasibu ya Taifa. Watu hushangaa nchi ya Ujamaa kuwa na bahati nasibu, ila serikali nyingi, ziwe za kijamaa au za kibepari, zimependa kodi ambayo watu wanailipa huku wanatabasamu.

Bibi mmoja wa Tandika, mjukuu wake alikuwa anakuja kwetu kupima uzito, aliniambia marehemu mumewe alikuwa anaweka tiketi ndani ya kabati la vyombo, chini ya sinia la wageni. Televisheni haikuwepo, Bara tulianza kuona televisheni za hapa nchini mwaka 1994. Kwa hiyo mzee alikuwa anasubiri mpaka apatikane mtu mwenye gazeti, akifika anasomewa namba barazani mbele ya watu. Bibi alisema kitu ambacho sikisahau: "Wiki nzima alikuwa mpole. Anapanga, tutajenga Yombo, tutaweka bati. Tukishakosa tunacheka, maisha yanaendelea." Tiketi moja ilinunua wiki nzima ya kuota. Na alipokosa, alikosa mbele ya majirani ambao nao wamekosa.

Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na Bodi yake, ambayo ndiyo inatoa leseni mpaka leo, na umri unaoruhusiwa ni kuanzia miaka 18. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa. Hapo mnajua wenyewe, hela ikahamia kwenye simu. Na 2017 ndio mwaka ambao mitaa ya Kinondoni na Temeke iliamka inaongea lugha mpya. Biko ikaja na buku lake, Tatu Mzuka ikaja na jero na tarakimu tatu, droo kila saa. Kampuni za kubeti mpira nazo zikapamba moto. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa nayo ikaanza upya, inaendeshwa na ITHUBA Tanzania.

Umeona safari ilivyokwenda? Miaka mitatu, mwezi, wiki, saa moja. Na zile mashine za sarafu za dukani, dubwi, ni sekunde chache.

Sasa mwili. Hapa ndipo kazi yangu inapoanza.

Nani amewahi kukaa kwenye benchi anasubiri majibu ya damu? Zamani majibu ya vipimo vingine yalikuwa yanachukua siku nyingi na wengine hawakurudi kuyachukua. Leo kipimo cha haraka dakika 20 hivi tumemaliza. Lakini zile dakika 20 nazijua kwa kuwatazama watu: mdomo unakauka, viganja vinatoa jasho, mapigo yanapanda, mtu anasoma bango la chanjo mara sita na haelewi kilichoandikwa. Mwili unajiandaa kupokea habari kubwa. Mtu anayesubiri namba anapita hapo hapo, ila yeye amepaita mwenyewe, na anaweza kupaita tena baada ya saa moja.

Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Wengi husema ni kemikali ya raha, lakini kazi yake kubwa ni kutamani na kutarajia. Mwaka 2003 mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake walichapisha utafiti wa tumbili waliokuwa wanaonyeshwa alama, kisha wanasubiri sekunde chache kujua kama watapewa juisi. Tumbili akiwa na uhakika wa kupata, seli za dopamini zilitulia wakati wa kusubiri. Akiwa na uhakika wa kukosa, zilitulia pia. Zilipanda taratibu, zikaendelea kupanda, pale ambapo hakuna anayejua. Kutokujua kwenyewe ndio utamu.

Ongeza njiwa wa B. F. Skinner, mtafiti wa Marekani. Njiwa anayepewa punje kila baada ya kudonoa mara kadhaa maalumu, huwa anapumzika akishapewa. Njiwa anayepewa punje bila mpangilio anadonoa bila kuchoka. Kumbuka hilo utakapomwona mtu kijiweni anarusha rusha kidole kwenye kioo cha simu, anafungua, anafunga, anafungua.

Halafu kuna kukosa kidogo. Umecheza 4-7-3, imetoka 4-7-2. Yaani nilikuwa naipata! Kihesabu 4-7-3 umekosa sawasawa na aliyecheza 9-0-1, namba haijui kama ilikuwa jirani yako. Lakini mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwapima watu ubongo kwa mashine wakicheza mchezo wa kubahatisha, wakaona kukosa kidogo kunaamsha baadhi ya sehemu zile zile za kushinda. Wachezaji walisema wanaumia, na hapo hapo wanataka kuendelea. Ndio maana mtu anakuonyesha mkeka uliochanika kwa mechi moja kama anakuonyesha cheti.

Hesabu ya jioni moja tu, chukua kalamu. Tarakimu tatu kuanzia 0 mpaka 9 zinatoa michanganyiko 1,000. Tuseme mchezo unalipa mara 200, zawadi nyingine tuziache pembeni. Ukitaka ushike michanganyiko yote kwa jero, unatoa 500,000. Unalipwa 100,000. Na ile michezo ya kuchagua namba sita kati ya 49, michanganyiko ni 13,983,816. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam nzima. Kwa hiyo ni kama kuitwa jina lako peke yako kati ya watu wote wa kuanzia Bunju mpaka Chanika na Kigamboni, kisha uwazidishe watu hao mara mbili na nusu.

Lakini hesabu siyo dawa, nawaambia ukweli. Wengi wanaocheza wanaijua. Mama mmoja wa Mbagala, mtoto wa pili, alikuja kwetu analalamika maziwa yamepungua na kichwa kinauma. Mtoto uzito hauendi vizuri. Tukaongea chakula, tukaongea maji, tukaongea msongo. Mwisho nikamuuliza, usiku ukimnyonyesha unafanya nini? Akacheka kidogo, akatazama chini. "Nesi, nashika simu. Naangalia namba." Alianza usiku wa mimba, hakuwa na mtu wa kuongea naye, mume yuko kwenye lori safarini. Jero moja, akasubiri. Ikawa mtoto akilala yeye halali, anangoja saa ifike. Mara tatu kwa siku, 1,500. Kwa mwezi 45,000, na chumba chake unaweza kukisia analipa ngapi. Alisema hata akikosa haumii sana. Anachokiogopa ni ile saa ambayo hakuna anachokisubiri.

Dada, huyu mama siyo mjinga wala mvivu. Fikiria bei. Yule mzee wa Tandika alilipa mara moja akapata wiki ya kuota, barazani, na mkewe pembeni. Huyu analipa jero kwa saa moja ya kuota, gizani, peke yake. Ndoto imepanda bei kuliko nyanya.

Tulichofanya ni kidogo. Simu ikawa inalala jikoni kuanzia saa 3 usiku. Mdogo wake akaja kukaa naye wiki tatu. Akajiunga upatu wa mtaani, akaniambia amepata namba 6 na anahesabu siku, nikamwambia hesabu tu, hiyo hesabu ina mwisho. Uzito wa mtoto ulianza kupanda mwezi uliofuata. Siwezi kusema ni simu tu iliyofanya hivyo, kuna chakula, kuna usingizi, kuna mdogo mtu anayepika.

Kwa wanaoniuliza inbox "nitajuaje mume wangu amezidisha?", kuna maswali mawili yalitungwa Marekani mwaka 1997 na yanatumika sehemu nyingi. La kwanza: umewahi kumdanganya mtu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? La pili: umewahi kujisikia unahitaji kuongeza hela zaidi na zaidi? Ndiyo moja inatosha kukaa chini na kuongea na mtaalamu. Jiulize na wewe, siyo yeye tu. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa, kwa hiyo ukienda hospitali ya wilaya au ya mkoa ukaomba kuonana na watu wa afya ya akili, hujaenda kupoteza muda wa mtu. Na usimuulize saa ile anasubiri matokeo. Atakujibu vibaya, mwili wake uko kwenye lile benchi la majibu niliosema. Subiri asubuhi.

Jambo dogo la mwisho, maana wiki hii wamepigiwa wawili hapa mtaani. Tangu enzi za Ireland tiketi za bandia zilikuwa zinauzwa Marekani kwa wingi, watu wanasubiri droo ambayo namba yao haikuwahi kuwemo. Leo inakuja kama meseji au simu: hongera umeshinda, tuma kwanza elfu 30 ya kutolea zawadi. Mshindi wa kweli hatumi hela kwenye namba ya mtu ili apewe zawadi. Ukipigiwa, kata, kisha mwambie na mama mkwe, kwa sababu ukikata wewe watampigia yeye.

Sehemu ya 4, Jumapili Mungu akipenda, ni dubwi na watoto wa shule ya msingi. Aliye na mtoto anayeombaomba sarafu za mia mbili aniandikie kabla ya hapo.